Nyumba Iliyonunua Jina

Nyalenda, Kisumu
11 Februari 2024

Ndugu yangu Odongo,

Salamu kutoka kwa Waceke, na kutoka kwa binti yetu Wendy ambaye yuko darasa la nne na tayari anajua kila kitu kuliko baba yake. Sisi ni wazima. Joto la mwezi huu limetukausha na maji ya mfereji yanakuja yakijisikia, lakini nyumbani hakuna mgonjwa na hakuna anayelala njaa. Msalimie shemeji yangu Nabututu. Mwambie ile omena aliyotutumia Krismasi ilikwisha siku hiyo hiyo, na Waceke, ambaye zamani aliikimbia kwa sababu ya yale macho ya visamaki vyake, sasa ndiye anayefuta sufuria.

Usishangae kupata karatasi. Nikikuandikia kwa simu unanijibu "sawa", na nikikupigia nusu ya ufuo inasikiliza. Jambo hili linataka ukae chini. Nimempa Robinson wa gari la samaki akuletee mkononi. Akisahau, kama kawaida yake, mkumbushe.

Jambo lenyewe ni hili. Hoteli imetuambia idara yetu ya dobi itafungwa mwezi wa sita. Shuka zote zitapelekwa nje zifuliwe na kampuni. Nimezeekea kwenye zile mashine, Odongo, na watanipa cheti na picha ya pamoja. Sasa kuna kampuni ya Nairobi inaitwa Pamba Nyeupe. Hawafui nguo za watu wa nyumbani. Hata ukiwapelekea suti ya harusi watakurudisha nayo. Wateja wao ni biashara tupu: hoteli, hospitali, vyuo, mikahawa yenye vitambaa vya meza. Wanatafuta mtu wa huku anunue haki ya kutumia jina lao, kuanzia Kisumu mpaka Busia. Wanaiita franchaizi. Unalipa kiingilio, wanakupa jina, nembo, mafunzo, mashine kwa mkopo, na hata namna yao ya kukunja foronya. Kila mwezi unawakatia sehemu yao. Mtu wao, Bwana Njuguna, ameshakunywa chai kwangu mara mbili. Ana maneno laini na viatu visivyojua matope.

Mimi kufua najua, biashara sijui. Wewe unaviuzia viwanda vya chakula cha kuku omena gunia kwa gunia, hujawahi kumpimia mama wa jikoni kikombe kimoja, kwa hiyo unajua kuiuzia biashara nyingine kukoje. Niandikie faida na hasara bila kunionea haya.

Najua utauliza pesa zinatoka wapi. Ni ile akiba ya nyumba. Najua pia maana yake kwako. Mimi ndiye Opiyo, nilitoka tumboni kwanza, na mpaka nijenge pale kwa marehemu Baba, wewe pacha wangu huwezi kusimamisha hata nguzo moja. Desturi haijali kwamba nilikutangulia kwa muda wa kuchemsha chai. Ningeweza kuweka kibanda cha mabati wikendi moja na wazee wakaridhika. Lakini sitaki watu wapite njiani wakisema Opiyo amekaa Kisumu miaka yote hiyo akarudi kujenga banda la kuku. Nikijenga, nitajenga ya matofali, yenye baraza. Pamba Nyeupe ikizaa ni mwaka mmoja, labda miwili. Mtavumilia kidogo hapo kwenye chumba cha kupanga cha Mama Kageha, au sivyo?

Ndugu yako,
Opiyo


Usenge
3 Machi 2024

Kaka Opiyo,

Barua yako imefika ikinuka samaki. Robinson aliniambia, "Omera, ndugu yangu, hii kitu ilikuwa kwa dashibodi tangu wiki ile ya mvua. Nilidhani ni risiti. Pole sana, bwana." Kwa hiyo usiniandike mimi kuwa mchelewaji.

Huku tuko. Ziwa limetoa omena nyingi, ufuo wote umetandikwa nyavu za kuanikia mpaka mbuzi hawana pa kupita. Chumba cha Mama Kageha hakijambo, ila paa linavuja upande wa jiko na Mama Kageha anasema ataangalia, kama alivyosema mwaka jana. Nabututu anawasalimu. Ana maumivu ya tumbo yanayokwenda na kurudi, zahanati wamempa vidonge. Aliisoma barua yako kabla yangu, maana nilikuwa napakia gari. Aliniambia, "Mjibu vizuri, shemeji ni mtu wa haraka."

Basi nimekaa chini. Nianze na utamu. Anayeiuzia biashara hahangaiki na mteja mmoja mmoja. Mimi nina wanunuzi watatu tu, lakini gari likija linabeba ghala zima, na msimu ukifunguliwa linarudi. Hoteli haiachi kulaza watu, na hospitali haiwezi kumlaza mgonjwa kwenye shuka ya jana. Mkataba mmoja mzuri unaweza kukulisha mwaka. Halafu kuna jina. Ukienda kwa meneja wa hospitali ukiwa Opiyo wa Nyalenda, atakuuliza umewahi kumfulia nani. Ukienda na Pamba Nyeupe, swali limejibiwa kabla hujavuta kiti. Na kama hoteli yenu inafunga dobi, nyingine nazo zitafunga, na shuka hizo lazima ziende mahali. Hapo naona Njuguna hakudanganyi.

Sasa uchungu. Wateja wachache maana yake mmoja akiondoka unabaki unachechemea. Na wakubwa hulipa wakipenda. Kiwanda kimoja kiliniweka msimu mzima nikisubiri malipo ya omena ambayo kuku walikwisha kula, na kuku wenyewe watu walikwisha kula. Wavuvi hawakunisubiri mimi. Wewe je, ukisubiri hospitali ilipe, umeme utalipiwa na nani, na vijana wa pasi? Muulize Njuguna hiyo sehemu yao inakatwa kwenye mauzo au kwenye faida. Kama ni mauzo, watakula hata mwezi ambao wewe hujala. Muulize kama sabuni ni lazima ununue kwao. Muulize hoteli ya Kisumu yenye mabosi Nairobi ni mteja wako au wao. Ukitaka kutoka, unatokaje? Na ukifa, Waceke anaachiwa nini? Usisahau kwamba jina si lako. Wakichafua Nairobi, uchafu utakufikia hapo Nyalenda ukiwa umelala. Ni kama hiki chumba chetu, unaziba paa la mtu, na siku akitaka ufunguo unampa.

Usimwamini Njuguna peke yake. Tafuta mtu aliyenunua tawi lao katika mji mwingine, ukakae naye mchana kutwa, uone anavyopokea simu. Mtu anayedaiwa huangalia simu kwanza ndipo apokee.

Ukiniuliza mimi, sioni kuwa ni jambo baya. Wewe ni fundi, na kazi hii inataka fundi.

Kuhusu nyumba sina la kusema. Wewe ndiye mkubwa.

Odongo


Nyalenda, Kisumu
24 Machi 2024

Ndugu yangu,

Nashukuru. Waceke amesoma barua yako kwa sauti, Wendy akicheka hapo kwa kuku walioliwa na watu. Sisi hatujambo. Waceke amepata kibanda kizuri zaidi pale sokoni Kibuye, karibu na lango, na mapazia yake ya mitumba yanakwenda. Shemeji tumbo linaendeleaje? Kama vidonge vya zahanati havisaidii mlete huku, hospitali ziko, na kitanda cha wageni kipo ingawa Wendy anakiita chake.

Nilifanya ulivyosema. Nilikwenda Eldoret kumwona mtu anaitwa Waswa aliyenunua tawi lao huko. Nilikaa naye mpaka jioni. Simu anapokea bila kuangalia. Lakini ndiyo, wanakata kwenye mauzo. Sabuni ni ya kwao, na ni ghali kuliko ya dukani. Hoteli zenye mabosi Nairobi ni zao, wewe unafua tu na kupewa kiasi. Mkataba ni wa miaka mitano na kutoka katikati ni maumivu. Nilimuuliza Waswa, kama ungeambiwa uanze upya, ungenunua? Alimaliza kukunja foronya aliyoishika. Kisha akasema, "Ningenunua. Lakini mwaka wa kwanza ningemwambia bibi tukaishi kwao." Nilicheka mpaka kwenye gari, baadaye sikucheka sana.

Bado nataka. Nimechoka kuitwa na kengele ya mtu mwingine. Nataka siku moja Wendy aone jina mlangoni na kujua baba yake ndiye anayefungua huo mlango, hata kama jina ni la kukodi.

Kitu kimoja kinanisumbua. Waceke ananiambia, "Opiyo, kwani si ni mabati tu wanataka? Weka hata kadogo, ndugu yako aingie kwake. Hiyo kubwa utajenga baadaye." Nilimjibu kwamba yeye ni wa Murang'a, mambo ya kwetu hayajui. Akaniambia anajua kupanga nyumba kukoje, hilo halina kabila. Sasa nakuuliza wewe. Uliandika, "Wewe ndiye mkubwa." Hiyo ni ruhusa au ni hasira? Kama mna haraka na nyumba, niambie. Neno moja tu, na nitakuja na mabati, wacha watu wacheke. Usiponiambia, nitajua mnaweza kusubiri, na mwezi wa tano natia sahihi.

Opiyo


Usenge
12 Mei 2024

Kaka,

Nimechelewa, na safari hii Robinson hana kosa.

Ziwa limepanda, limekula sehemu ya ufuo na vibanda viwili vya kuuzia chai. Uvuvi wa omena umefungwa mpaka mwisho wa Julai kama kila mwaka, kwa hiyo nyavu zimekunjwa na sisi tunatazamana. Nabututu amekwenda kwao Port Victoria, kwa mama yake, apumzike kidogo. Mimi nakwenda na kurudi. Asante kwa kitanda cha Wendy, lakini huko kwao yuko na watu wake.

Si hasira. Tia sahihi. Ila hakikisha yule wa hospitali anaandika kwenye mkataba atalipa baada ya muda gani, na asipolipa nini kitatokea.

Wasalimie wote.

Odongo


Nyalenda, Kisumu
7 Julai 2024

Odongo ndugu yangu,

Tumefungua. Nimekuwekea picha ndani ya bahasha. Huyo aliyesimama kwenye kibao akivuta tumbo ndani ni mimi. Waceke ndiye aliyeshona aproni za vijana, na Wendy alikata utepe kwa mkasi wa shule, haukukata, ikabidi tuuvute.

Nina hoteli mbili na hospitali moja. Asubuhi magunia ya shuka yanaingia yakiwa machafu kama maisha, na jioni yanatoka yamenyooka, na mimi nasimama mlangoni nikijiona. Umeme unakatika na nimejua kutukana kwa lugha tatu. Hospitali wamesaini kwamba watalipa kila mwisho wa mwezi kama ulivyoniambia, na mwisho wa mwezi umepita wamelala. Njuguna sasa hapokei simu upesi kama zamani, lakini sehemu yake ameikata mapema asubuhi ya tarehe moja. Ulijua kila kitu. Ningependa uwe hapa uniambie "nilikuambia", kwa ile sauti yako ya kanisani.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Wewe ni mtu wa maneno machache, lakini zile hazikuwa chache, zilikuwa hazipo. Shemeji amerudi? Waceke anataka kwenda Port Victoria kumwona. Nimemwambia angoje mwezi ujao kazi itulie, maana yeye ndiye anayesimamia pasi nikitoka kutafuta wateja. Kila siku ananiuliza mwezi ujao unaanza lini. Niambie ni ugonjwa gani na daktari anasemaje. Ukiniambia "anapumzika", mimi nitaamini anapumzika. Mimi ndivyo nilivyo, unanijua.

Mwaka huu ukinikalia vizuri, mwakani Desemba naanza msingi. Nimeshamwona mtu wa matofali.

Opiyo


Nyalenda, Kisumu
1 Septemba 2024

Odongo,

Nimeandika barua hii mara kadhaa na kila mara nimekwama kwenye salamu. Sijui nikuulize nini. Siwezi kukuuliza habari za nyumbani.

Wakhisi shemeji yako aliponipigia kutoka Port Victoria kuniambia dada yake hayupo tena, nilikuwa napakia shuka za hospitali. Nilimuuliza, "Dada yako yupi?" Nilijua ana dada mmoja. Sikutaka awe yule.

Tumetoka kwenye mazishi hatujazungumza, mimi na wewe. Ulinishika mkono kama unavyowashika watu wa kanisa, ukasonga mbele kwa mwingine. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na wewe unisahihishe. Niliwakuta wazee wa kwao wameketi, nawe umesimama mbele yao, na Wakhisi anakuambia mbele ya watu wote, "Shemeji, mahari ulileta, hatukatai. Ni mke wako. Tuonyeshe mlango wake, tukupe umpeleke." Na mlango haukuwepo. Wakasema mwanamke hawezi kuzikwa mbele ya chumba cha kupanga. Na pale kwa baba yake hawezi kulala ndani ya ua, kwa kuwa aliolewa. Nilikuvuta nyuma ya jiko. Nilikuambia unipe kesho tu, nisimamishe yangu asubuhi na yako jioni, halafu tumchukue. Wakhisi mwenyewe alikuwa amekubali kungoja. Wewe ukatikisa kichwa. Na akazikwa nje ya ua wa baba yake, kwenye mihogo, kama mtu asiye na kwao. Waceke alilia njia nzima mpaka Kisumu na hakunisemesha. Mimi pia nililia, Odongo. Nililia nikiendesha gari la shuka.

Kwa nini ulikataa? Nakuuliza si kwa kukushtaki. Sina haki hiyo.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa Baba, mimi na Waceke. Hatukukuita kwa sababu tuliogopa uso wako. Nilichukua mafundi wawili, nguzo, mabati na misumari. Ilisimama kabla ya chakula cha mchana. Kitu nilichokuwa nakiahirisha kwa sababu ya baraza kilikwisha kabla ya watu kuona njaa. Waceke aliwasha moto akapika ugali na tukalala humo, kama inavyotakiwa. Sikupata usingizi. Hakuna mtu aliyepita akicheka. Jirani mmoja alipita akasema tu, "Ahsante kwa kujenga."

Basi njia iko wazi. Jenga. Mabati yako nitalipia mimi, na usinikatalie hilo.

Hospitali bado hawajalipa. Nafikiria kuiacha Pamba Nyeupe, nilipe faini ya kuvunja mkataba, niuze kila kitu. Siwezi kuliona lile jina mlangoni bila kukumbuka nililinunua kwa kitu gani. Nitukane ukitaka. Lakini andika.

Opiyo


Usenge
13 Oktoba 2024

Kaka Opiyo,

Salamu kwako, kwa Waceke na kwa Wendy. Mwambie Waceke leso aliyoiacha ameitumia mama yake Nabututu kujifunga kichwa, na anamwombea. Mimi nala, nalala, nakwenda ufuoni. Omena imefunguliwa tangu Agosti na gari zinakuja. Watu wananiambia "Odongo, pole", nami nawaambia "asante", kisha tunapima gunia.

Umeuliza ugonjwa gani. Ulikuwa wa kizazi. Walipouona ulikuwa umeshakwenda mbali. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unafungua duka.

Umeuliza pia kwa nini nilikataa. Nitakuambia mara moja, halafu tusilirudie.

Ile siku ya Machi niliyokaa kukuandikia faida na hasara, Nabututu alikaa nami. Nilikuwa najiona mjuzi sana, nikifuta na kuandika. Nilipomaliza aliichukua akaisoma yote, mpaka mwisho. Akaniuliza, "Na mimi niko wapi hapa ndani?" Nikamwambia mdogo hamwambii mkubwa jenga, kwetu hiyo ni kumsukuma mtu. Akasema, "Si amekuuliza mwenyewe hasara?" Aliikunja vizuri akaenda kumpa Robinson kwa mkono wake. Ulipoandika mara ya pili kwamba nikitaka niseme neno moja, alikuwa ameanza kushindwa kusimama, na niliketi na karatasi kwa wiki nyingi nikitafuta namna ya kuliandika hilo neno bila kuonekana namlilia kaka. Wewe ulikuwa na haya ya kibanda na mimi nilikuwa na haya ya kuomba. Tulitoka tumbo moja kweli.

Alikwenda kwao kwa sababu hakutaka kuugulia kwenye chumba ambacho mwenye nyumba anabisha hodi kuuliza kodi. Alisema angekuwa na kwake asingetoka. Kule alikuwa akiniambia habari za nyumba, kila nilipokwenda. Hakutaka matofali. Alitaka mlango utazame ziwa, na jiko la kwake, ili kukiwa na msiba au harusi pale kwa Baba apike sufuria yake mwenyewe aitoe mlangoni kwake. Miaka yote alikuwa anaazima moto wa wake za binamu zetu, na wao walikuwa wanamwachia mwisho. Hilo lilimuuma kuliko tumbo. Mimi nilidhani ni mambo ya wanawake.

Sasa wewe ukanivuta nyuma ya jiko ukaniambia tusimamishe mabati tumlaze ndani usiku mmoja, asubuhi tumtoe tumzike. Nyumba aliyoitaka ilikuwa ya kupikia. Niliona siwezi kumpa maiti kitu nilichomnyima mtu. Ningeogopa hata kumtazama akiwa ndani ya jeneza. Afadhali alale kwa baba yake, kwenye mihogo. Pale angalau hawakumfanyia unafiki. Wazee wa kwetu wamekasirika nami kwa hilo na sijali.

Sikukasirikii wewe. Jioni nyingine nakukasirikia, halafu asubuhi naona nilishika kalamu mimi. Waceke alikuambia, nawe ukamwambia hajui mambo ya kwetu. Nabututu aliniambia mimi, nami nikamwambia vile vile. Wake zetu wawili, mmoja wa Murang'a, mmoja wa Port Victoria, ndio waliokuwa wanajua.

Pamba Nyeupe usiiache. Usinifanye mimi kuwa sababu, nitakuwa nimepoteza mara mbili. Miaka mitano ya mkataba itakuuma zaidi ukitoka kuliko ukibaki. Hospitali ipe barua, kisha acha kuwapelekea shuka safi mpaka walipe. Wagonjwa watalalamika na mtu ataamka. Tafuta wale wadogo, mikahawa ya Dunga, nyumba za wageni, shule za bweni, wanaolipa wakichukua mzigo. Kumi wadogo watakushikilia mmoja mkubwa akianguka. Na anza kuandika kila kitu unachojifunza kwao, mkataba ukiisha ufungue cha kwako, kwa jina utakalolitaka wewe.

Nimekwenda kuiona nyumba yako. Imenyooka, mlango unafunga vizuri. Wazee walinifuata huko wakaniambia, "Sasa, Odongo, mkubwa wako ameshatoka mbele, njoo ujenge." Nimewaambia nitaona. Asante kwa mabati, usiyanunue.

Unajua inavyokuwa. Mwanamume anasimamisha nguzo, lakini nyumba haijawa nyumba mpaka mke aingie na moto wake apike. Nilisimama pale karibu na yako mpaka giza likaingia, nikijaribu kufikiria nianzie wapi kuchimba. Njia umeifungua, kaka, naiona. Sina wa kuwasha moto.

Odongo